Nimekubali mdogo wangu apimwe unga mochwari, je nimemvunjia sitara?

SWALI: Asalaam alaykum sheikh. Mwezi uliopita mdogo wangu tulimkuta kafa gheto, bomba la sindano pembeni. Wazee walitaka azikwe leoleo tuseme presha, mimi nikakubali achukuliwe vipimo na ripoti ikaandikwa unga. Sasa ukoo mzima hapa Tanga wananilaumu eti nimemdhalilisha maiti. Nina dhambi?

JIBU: Wa alaykum salaam. Pole sana ndugu yangu, Allah amrehemu mdogo wako. Huna dhambi.

Wazee wameshika ile hadithi ya bibi Aisha kwa Abu Daud, kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai, na ni kweli, ila hiyo inakataza kumtweza maiti bila haja. Kipimo cha unga chenyewe ni sindano tu, wanavuta damu ya mshipa wa paja na mkojo, ya moyoni hawaiamini sana maana mtu akishakufa dawa inahamahama mwilini, halafu sampuli ndio inabaki kumsubiri mkemia, maiti mnapewa mkazike. Hata ikibidi kupasua, Baraza la Fiqhi la Makka liliruhusu 1987 kwa haja kama hiyo, ila wasizidishe.

Hiyo presha sasa. Kumuandikisha daktari presha na mnajua ni unga ni ushahidi wa uongo, tena unaua, maana ile kete aliyonunua mdogo wako na wenzake pale maskani wamenunua kwa mtu huyohuyo, kama mzigo ulikuwa mkali nani atawaonya? Na methadoni, dawa wanayopewa mateja waache unga, ambayo Muhimbili walianza kuitoa 2011, itafikaje kwa vijana wa mtaa ambao kwenye makaratasi wote wamekufa na presha?

Sitara ipo na naitetea sana, lakini ni ya jina lake. Hesabu ya wizara ya waliokufa na unga haihitaji jina wala picha. Wanaorusha picha ya maiti na sindano kwenye magrupu ya WhatsApp hao ndio waliomvua nguo, na Mtume (s.a.w) kakataza kuwatukana maiti, iko kwa Bukhari. Jirani akikuuliza kafa na nini mwambie muombee dua, hudaiwi maelezo.

Na anayekwambia kajiua mwambie teja anayekimbia arosto, yale mateso ya kukosa unga, hakukusudia kufa, na hata aliyekusudia, kwetu Mashafii anaoshwa na anaswaliwa. Wale wenzake wa maskani unawajua, wafuate uwaambie kilichomuua.