Mwanangu, hivi ndivyo wiki yetu ilivyokuwa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na mama yako kando yangu, naye alicheka tulipofika pale unapoeleza jinsi wewe na mdogo wako mlivyobishana. Wewe unakumbuka kwamba miaka ile tuliyowafundisha nyumbani mlikuwa mkisoma kutwa nzima. Yeye anashikilia kwamba hamkusoma kitu, mlikuwa mkicheza na kufagia tu. Sasa mwanao anakaribia umri wa kuanza shule, wewe na mumeo mnafikiria kumsomesha nyumbani, na unauliza wiki yetu hasa ilikuwaje, na kama sisi tulijua tulichokuwa tukikifanya. La pili nitalijibu kwanza kwa kuwa ni fupi: mwaka wa kwanza hatukujua.

Kuhusu ubishi wenu, kila mmoja ana sehemu ya haki. Masomo ya mezani yalikuchukulia wewe saa tatu kwa siku, na mdogo wako, aliyekuwa na miaka sita, hayakumchukulia zaidi ya saa moja na nusu. Tulianza saa mbili asubuhi, na ilipofika saa tano madaftari yalikuwa yamefungwa. Mwanzoni sikuamini kwamba muda huo ungetosha. Nilikuwa nimepanga ratiba kama ile niliyosomea mimi, vipindi vinane kwa siku, ikikosa kengele tu, na kufikia wiki ya tatu sote watatu tulikuwa hoi. Kilichonitoa huko ni kujiuliza saa za darasani huwa zinakwenda wapi. Mwalimu mwenye watoto 40 hana budi kuita majina, kusubiri utulivu, kugawa vitabu, kusahihisha lundo la madaftari na kumngoja wa mwisho amalize. Mimi nilikuwa na wawili. Mlipokosea niliona palepale, kalamu ikiwa bado mkononi, na mlipoelewa hapakuwa na sababu ya kuwafanyisha maswali mengine 20 ili tu saa ipite.

Wazo la vipindi vifupi si langu. Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1923, alishauri kwamba mtoto mdogo apewe masomo mafupi, asomewe jambo mara moja, kisha alisimulie kwa maneno yake mwenyewe. Sikumfuata katika kila jambo, lakini hilo la kusimulia tulilichukua zima zima, na kama ningelazimika kubaki na desturi moja tu ya miaka ile, ningebaki na hiyo. Utakumbuka nilivyokuwa nikifunga kitabu na kusema, "Haya, nieleze." Siku moja tulisoma kuhusu safari ya maji, na mdogo wako akasimulia kwamba maji hupanda juu bila kuonekana, halafu yakichoka yanashuka. Kwa sentensi hiyo moja nilijua kwamba mvuke ameuelewa, na kwamba hajui kabisa kwa nini mvuke hurudi kuwa maji. Hakuna swali la kuchagua jibu ambalo lingenionyesha hivyo. Kesho yake, wakati wa kupika, tulishika sahani ya baridi juu ya sufuria inayochemka, naye akatazama matone yakijikusanya upande wa chini mpaka moja likadondoka. Hakusema tena kwamba maji huchoka.

Hapo ndipo anapopata haki anaposema kwamba mlikuwa mkifanya kazi za nyumbani tu. Kuanzia saa tano hadi mchana tulipika, tukafua, tukafagia, na sikuwahi kuziita kazi hizo masomo, kwa kuwa niliona watoto wanachoka upesi na mzazi anayegeuza kila kijiko kuwa mtihani. Lakini masomo yalijipenyeza yenyewe. Mchana mlikuwa huru, nami nilikaa na vitabu vya hesabu vya wateja wangu hadi usiku; mama yako alirudi kazini jioni akawasomea kwa sauti, hata ulipokuwa na miaka 12 na ungeweza kusoma mwenyewe.

Jumatatu na Jumanne zilikuwa siku za hesabu na lugha, wakati akili bado mbichi. Sijui kama unaikumbuka Jumanne ya karatasi. Nilikuwa nimekufundisha kugawanya sehemu kwa kanuni: ya pili igeuze juu chini, kisha zidisha. Nikakupa robo tatu igawanywe kwa thumni, ukafanya, ukapata sita, nikakuwekea alama ya vema. Kisha ukauliza kwa nini tumegawanya na jibu limekuwa kubwa kuliko tulipoanzia. Sikuwa na jibu. Mimi, mtu ninayeishi kwa kutunza hesabu za watu, nilikuwa nimeitumia kanuni ile maisha yangu yote bila kuulizwa. Usiku ule nilikaa na karatasi, na asubuhi nikakupa uikunje: mara moja, nusu, mara ya pili, robo, mara ya tatu, thumni. Ulipoikunjua ilikuwa na vyumba vinane. Ukapaka rangi robo tatu yake, halafu ukahesabu kwa kidole vyumba vilivyopakwa, kimoja kimoja, hadi sita. Ukanitazama ukasema, "Kumbe hatugawi, tunahesabu zinaingia ngapi." Tangu siku hiyo sikukufundisha tena kanuni kabla ya karatasi.

Jumatano tulitoka: maktaba, kisha kukutana na familia nyingine zilizosomesha nyumbani. Siku hiyo msiidharau. Mtoto hajifunzi kungoja zamu yake, wala kushindwa mchezo bila kununa, kwa kuelezwa na baba yake.

Alhamisi sitakuficha. Ilikuwa siku mbovu karibu kila wiki: uchovu wa siku tatu umekusanyika, nguo zimerundikana, kazi ya wateja imechelewa. Alhamisi moja nilikupandishia sauti kwa sababu ya mgawanyo mrefu uliokuwa umekushinda kwa siku ya nne, ukaweka kalamu chini ukaniuliza, bila kulia, kama wakati ule nilikuwa nikisema nawe kama baba au kama mwalimu. Nilitoka nje. Jioni tulizungumza na mama yako, naye akalichukua somo la hesabu kwa miezi miwili, nusu saa baada ya kurudi kazini, ingawa hesabu hakuwa akiipenda. Pengine ndiyo maana alikufundisha vizuri zaidi, kwa kuwa alilazimika kuielewa upya pamoja nawe. Baada ya hapo Alhamisi tuliifanya kuwa siku ya kusoma na kuchora, na hesabu haikuguswa.

Ijumaa ilikuwa ya marejeo, na kwa hili nilikuwa mkaidi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema kisha kasi yake hupungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa yanafaa kuliko kurundika yote katika kikao kimoja. Kwa hiyo daftari la Ijumaa lilikuwa na maswali kumi: matano ya wiki hiyo, matatu ya mwezi uliopita, mawili ya zamani kabisa. Mlilalamikia yale mawili kuliko mengine yote, na ndiyo niliyoyathamini zaidi.

Sasa yale tuliyokosea, kwa maana uliniomba nisikupambie. La kwanza ni macho ya mdogo wako. Kwa karibu mwaka mzima alichukia kusoma. Baada ya mistari michache alisugua macho na kuanza vituko, nami nikamwona mvivu. Kwamba anaona vizuri sikuwa na shaka, kwa sababu aliweza kunionyesha ndege aliyetua juu ya paa la mbali ambaye mimi sikumwona. Tulipompeleka kupimwa, kwa jambo jingine kabisa, tuliambiwa kwamba macho yake yanaona mbali bila shida ila karibu yanajitaabisha. Alipata miwani akiwa na miaka minane na kabla mwaka haujaisha alikuwa akisoma peke yake. Darasani huenda mwalimu aliyezoea kuona watoto wengi angegundua mapema. Nyumbani hapakuwa na wa kumlinganisha naye. Mpimeni mwanao macho na masikio kabla hamjamfundisha herufi ya kwanza.

La pili ulilionja mwenyewe. Ulipofanya mtihani wako wa kwanza wa taifa ulijua majibu lakini hukumaliza karatasi, kwa kuwa katika maisha yako yote hakuna aliyewahi kukuwekea saa mezani. Ningekuwa nimekuzoesha kuanzia miaka 11, mara moja kwa mwezi, jambo hilo lisingetokea. La tatu ni fedha: kipato changu kilipungua kwa miaka yote ile, na mama yako alibeba mzigo ambao ninyi hamkuuona. Mumeo na wewe kaeni na daftari la matumizi kwanza, la masomo baadaye.

Umeuliza pia kama inaruhusiwa. Hilo linategemea nchi, na msiende kwa kusikia. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika ibara ya 26, linawapa wazazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wao, lakini nchi hazilitafsiri kwa namna moja. Marekani, kufikia mwaka 1993, kusomesha nyumbani kulikuwa halali katika majimbo yote 50, ingawa masharti yanatofautiana sana. Ujerumani mtoto anatakiwa kuhudhuria shule, na familia iliyolalamika mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikataliwa mwaka 2006. Ulizeni sheria ya mahali mnapoishi, mwombe kwa maandishi, na kila barua mtakayojibiwa muihifadhi.

Kama mtaamua, jaribuni wiki mbili tu kwanza, na unipigie simu Alhamisi jioni, usinipigie Jumatatu. Daftari za Ijumaa zote mama yako amezitafuta akazifunga kwenye sanduku. Zitakufikia mwezi ujao. Lako la mwaka wa tatu limepungua kurasa mbili. Mdogo wako alizitengenezea mashua, naye sasa amekiri.

Baba yako