Farasi anayeshtuka ovyo: mlegezee kamba

Ndugu, umeeleza kwamba farasi wako jike wa miaka sita amestaafu mbio za Ngong, ana miezi miwili kwako, na juzi turubai lilipopigwa na upepo alisimama kwa miguu ya nyuma akakuponyoka. Unauliza umtie mnyororo puani, au umzungushe mpaka achoke. Nakuomba usifanye lolote kati ya hayo. Mimi ni saisi, yaani mtunza farasi, Nairobi mwaka wa 14 sasa, na yote mawili nimewahi kuyafanya.

Farasi wangu wa kwanza kutoka mbioni nilikuwa namshika kamba karibu kabisa na kidevu, ngumi imekaza, nikiamini hivyo hana pa kwenda. Asubuhi moja mabati ya banda yalilia kwa jua, akajirusha nyuma, kamba ikanichana viganja vyote viwili. Kazi ilibidi iendelee, ila kwa mikono ile iliyofungwa bandeji sikuweza kukaza chochote. Nikamwongoza kwa kamba ndefu iliyolegea. Siku ya tatu akatembea kichwa kikiwa chini, kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake. Kinga ya farasi ni kukimbia. Ukimnyima hata hatua moja, anabaki na njia mbili tu: kupanda juu kwa miguu ya nyuma au kukupitia.

Na kumchosha? Huyo alifundishwa kukimbia tangu akiwa mdogo. Utamwongezea pumzi, woga utabaki palepale.

Kabla ya mafunzo, mwite daktari wa mifugo amtazame meno, mgongo, kwato na tumbo. Farasi wa mbio wengi wana vidonda vya tumbo, na maumivu hayaondolewi kwa mazoezi. Mpunguzie nafaka, mwongezee nyasi kavu. Jioni tunawafungia kwa sababu ya visubi, wadudu wadogo wanaouma na kueneza ugonjwa hatari wa farasi uitwao African horse sickness, kwa hiyo mchana usimnyime uwanja hata kidogo.

Sasa kazi yenyewe. Kamba iwe ya mita 4 hivi, vaa glavu na helmeti, na kamwe usijizungushie kamba mkononi. Simama usawa wa bega lake. Macho yake yako pembeni, anaona karibu pande zote, lakini mbele ya paji la uso na nyuma ya mkia hakuoni.

Anza na miguu ya nyuma, maana nguvu ya kupanda juu inatoka huko. Mvute kichwa kidogo tu upande wako, tazama nyonga yake, zungusha ncha ya kamba kuelekea huko mpaka mguu mmoja wa nyuma uvuke mbele ya mwenzake. Ukivuka tu, acha kila kitu papo hapo. Shusha mkono, legeza kamba, toa pumzi. Hapo ndipo anapojifunza. Ukichelewa hata sekunde mbili, hajui amesifiwa kwa lipi. Fanya pande zote mbili. Hawa wa mbio wamezoea kushikwa kutoka kushoto, kwa hiyo upande wa kulia utadhani umeletewa farasi mwingine.

Turubai lianzie mbali, hata hatua 30. Msogeze huku unamtazama: sikio linakaza, tundu za pua zinapanuka, midomo inabana, shingo inapanda. Rudi nyuma shingo inapoanza tu kupanda, kabla miguu haijaruka. Akishusha kichwa, akapuliza pua kwa pumzi ndefu, akalamba midomo, mwache hapo akae. Kulamba midomo peke yake kusikudanganye kama shingo bado iko juu. Baadaye mwambie mtu aliburute turubai kwenda mbele, ninyi mlifuate. Kitu kinachomkimbia hakimtishi sana, na wengine hufika mahali wanataka kukinusa wenyewe.

Jihadhari na farasi aliyesimama kimya kama mti. Aliyeganda hajatulia. Weka vidole chini ya taya, utafute mshipa: farasi mzima akipumzika moyo hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Ukihesabu 70 huku amesimama tuli, uko karibu mno na turubai, na mlipuko unakuja. Mtoe polepole.

Dakika 15 kwa siku zinatosha, hata ukiona mambo yanakwenda vizuri. Hasa yakienda vizuri, maana ndipo tunapotaka "moja tena" na kuharibu.

Ukishapata majibu ya daktari, niambie upande gani anashtuka zaidi na turubai lilikuwa umbali gani shingo ilipoanza kupanda. Hapo nitakuambia wiki ya pili uanzie wapi.