Goti la mama: litadumu?

Dada, umeuliza kama mama yako wa miaka 68 akibadilishiwa goti litamfaa kweli au ni kuchoma pesa. Mamangu alifanyiwa hapa hapa Nairobi. Yale maumivu ya kumwamsha usiku yaliisha, lakini wiki sita za kwanza, ai, alilia kila tulipomkunjisha mguu pale kitandani. Kupiga magoti kanisani mpaka leo hapendi. Matatu anapanda mwenyewe, kwanza mguu mzima, halafu ule mwingine.

Kuhusu kudumu: utafiti uliochapishwa kwenye Lancet, jarida la madaktari, mwaka 2019 ulikadiria kuwa magoti bandia 82 kati ya 100 hufikisha miaka 25. Nyonga ni kama 58. Cha ajabu, wa nyonga ndio huridhika zaidi. Kwa goti, karibu mmoja kati ya watano hubaki na maumivu au malalamiko. Mwambieni mapema asitarajie goti la usichana.

Pesa sasa. Usikubali bei ya mdomo. Omba karatasi yenye goti lenyewe, thieta (chumba cha upasuaji), daktari wa usingizi, kitanda na fizio (mazoezi ya kuurudisha mguu), kila kitu na bei yake. Sisi tulipewa bei moja nzuri, kumbe fizio haikuwemo. SHA, ile bima ya afya ya serikali, nao waidhinishe kabla hajalazwa, si baadaye.

Ana sukari? Ishushwe kwanza. Kidonda kikiingia usaha huenda akarudishwa thieta, na bili inaanza upya.