Kombe la Dunia 2026 kwa mwenye banda umiza Dodoma: saa za mechi, umeme na dishi

Kombe la Dunia la 2026 linachezwa Marekani, Mexico na Canada, kuanzia Juni 11 hadi Julai 19. Timu 48, makundi 12, mechi 104. Kwa mwenye banda umiza, yaani banda la kuonyesha mechi kwa kiingilio, hapa Dodoma mitaa ya Chang'ombe, Nkuhungu au Kizota, kazi kubwa ni kupangilia saa, maana karibu kila mechi inaangukia kati ya saa 1 usiku na saa 1 asubuhi.

Ratiba nyingi za mitandaoni zimeandikwa kwa saa za New York. Chukua namba uliyoiona, ongeza 1, basi umepata saa ya Kiswahili. Ikisoma 3:00 PM, kwetu ni saa 4 usiku. Ikisoma 9:00 PM, ni saa 10 alfajiri. Tunawatangulia saa 7, na saa ya Kiswahili iko nyuma ya ile ya kizungu kwa 6, hivyo inabaki moja. Ratiba ikiwa ya saa za mji wenye mechi, hesabu inabadilika: Miami, Atlanta, Boston, Philadelphia na Toronto ongeza 1, Dallas, Houston na Kansas City 2, miji ya Mexico 3, Los Angeles, Seattle, San Francisco na Vancouver 4.

Wengi huchemsha kwenye tarehe. Brazil na Morocco wanacheza Jumamosi Juni 13 kwa tarehe ya Marekani, lakini kwetu ni saa 7 usiku wa kuamkia Jumapili. Ukiandika ubaoni "Jumamosi saa 7 usiku" tu, nusu ya wateja watakuja usiku wa kuamkia Jumamosi na kukuta kufuli. Andika "kuamkia Jumapili", kwa herufi kubwa.

Usijaribu kuonyesha zote. Mechi za saa 1 hadi saa 5 usiku ndizo zinazojaza banda: Mexico na Afrika Kusini, ya ufunguzi, saa 4 usiku Juni 11, Hispania na Cape Verde saa 1 usiku Juni 15, Ufaransa na Senegal saa 4 usiku Juni 16, Uingereza na Croatia saa 5 usiku Juni 17. Za saa 7 na saa 8 ndizo ngumu kuliko zote. Mtu hawezi kulala kabla wala kulala baada, na ikiisha daladala hakuna, atategemea bodaboda. Fungua kwa timu kubwa tu. Za saa 10 alfajiri, kama Argentina na Algeria alfajiri ya Juni 17, zina biashara yake: anayewahi kazini anaangalia, anakunywa chai na chapati zako, anaondoka. Hapo kiingilio kishushe, faida iko kwenye chai.

Kila kipindi kutakuwa na mapumziko ya dakika 3 ya kunywa maji, takriban dakika ya 22 ya kipindi. Muuzaji awe ameshamimina vikombe kabla ya filimbi, dakika 3 hazitoshi kuwasha jiko.

Umeme. LUKU nunua mchana na ingiza tokeni mapema. Saa 10 alfajiri mtandao ukigoma hakuna wa kumpigia. Kwa dharura, tivii ya LED ya inchi 43 inakula takriban wati 100, king'amuzi wati 15 hadi 20. Betri ya asidi ya 12V 100Ah ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini ukiishusha chini ya nusu unaiua. Toa na hasara ya inveta, unabaki na 500 hivi: kama saa 4, yaani mechi mbili za kawaida. Spika kubwa ya redio haimo kwenye hesabu hiyo. Ukiiunga, betri itakata kipindi cha pili.

Dishi. Juni na Julai hapa mvua si shida, upepo ndio shida. Dishi linasogea kidogo kidogo mpaka picha inaanza kukatika vipande, na watu wanalaumu king'amuzi. Kabla ya Juni 11 kaza bolti zote za nguzo, kisha chora alama ya rangi kwenye nguzo na kishikio chake. Likizunguka utaliona kwa macho na kulirudisha hata usiku.

Mechi za mwisho za kundi zinachezwa mbili kwa wakati mmoja, na kwa kuwa timu 8 bora zilizoshika nafasi ya tatu nazo zinapita, watu watataka zote mbili. Ukiweka ving'amuzi viwili usigawe waya mmoja. Kila kimoja hutuma volti 13 au 18 kwenye dishi kuchagua fungu la chaneli, vikipishana kimoja kinapoteza picha. Nunua LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi) yenye matundu mawili, vuta waya mbili.

Angalia pia kifurushi. Cha siku 30 ukilipia Juni 11 kinakufa Julai 10 au 11, katikati ya robo fainali. Na uliza kama akaunti yako inaruhusiwa kuonyesha kwa kiingilio; ya nyumbani kwa kawaida hairuhusiwi.

Baridi ya Dodoma usiku wa miezi hiyo hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na kishawishi ni kuingiza jiko la mkaa ndani na kufunga mlango. Usithubutu. Hewa ya mkaa haina harufu, inaua watu wakiwa wamesinzia, na alfajiri nusu ya banda huwa wamesinzia. Jiko likae nje, wateja waje na makoti. Spika baada ya saa 6 punguza, na mwenyekiti wa mtaa awe na ratiba yako mapema kuliko majirani kumpelekea malalamiko.

Fainali ni Jumapili Julai 19, saa 4 usiku. Ikienda dakika 30 za nyongeza na penalti, hutafunga kabla ya saa 7, kwa hiyo panga na bodaboda wa kijiweni wasubiri. Ya mshindi wa tatu, saa 6 usiku wa kuamkia siku hiyo hiyo, iache. Lala, fundi aje asubuhi akague dishi.