Maswali ya Wasomaji: Semina imekwisha, chuchu bado zinachubuka

SWALI: Nasimamia wodi ya wazazi katika kituo cha afya. Wauguzi wangu walipata semina ya unyonyeshaji, ila akina mama wanarudi kliniki wamechubuka chuchu, na wengine wameanza kuwapa watoto maji na uji wakiwa na miezi miwili. Tunakosea wapi?
Muuguzi, Njombe

JIBU: Faida za maziwa ya mama hata mama mwenyewe anazijua. Kinachopungua mara nyingi ni jicho la muuguzi. Mtoto aliyewekwa vizuri kwenye titi hupanua kinywa sana, mdomo wa chini hubinuka nje, kidevu hugusa titi, na weusi unaozunguka chuchu huonekana zaidi juu ya kinywa kuliko chini. Akishika ncha tu, chuchu huchubuka na maziwa hubaki ndani. Titi lisilonyonywa hadi likapungua hupunguza kutengeneza maziwa. Mama atasema maziwa hayatoshi, na bibi atabandika uji.

Kosa tunaloliona sana ni muuguzi kushika titi mwenyewe na kusukuma kisogo cha mtoto. Mtoto hujirudisha nyuma akilia, na mama anaondoka bila kujifunza kitu. Anzeni na mdoli na titi la soksi, kisha mwende kitandani, wauguzi watatu au wanne kwa mkufunzi mmoja. Muuguzi atazame mtoto akinyonya mwanzo hadi mwisho, mikono nyuma, aelekeze kwa maneno. Kozi ya saa 20 ya WHO na UNICEF ni msingi mzuri, lakini cheti cha kuhudhuria hakithibitishi kwamba mtu anaweza.

Mama asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla hajamweka mtoto kwenye titi mwenyewe na kukamua kwa mkono. Ajue kunyonyesha mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, na kwamba kuanzia siku ya 5 mtoto akojoe angalau mara 6. Arudi siku ya 3, kidonda kikiwa bado kidogo.

SWALI: Mtoto akinyonya tu kwa miezi 6, hatadumaa?
Baba, Iringa

JIBU: Hakuna dhamana hiyo. Anaepuka kuhara kunakotokana na maji machafu, lakini udumavu huweza kuanza tumboni, mama akiwa na lishe duni. Baada ya miezi 6, uji mwepesi wa mahindi matupu humjaza bila kumlisha. Iringa na Njombe zinavuna sana, na bado utafiti wa kitaifa wa 2022 ulizikuta juu sana ya wastani wa nchi wa udumavu, asilimia 30. Uji uwe mzito, wenye karanga au dagaa wa kusaga, ale na yai na maharage, na titi liendelee hadi miaka 2 au zaidi.