Viazi vitamu vya kuponda visiwe majimaji

Umeuliza kwa nini viazi vitamu vyako vya kuponda vinatoka majimaji, tena havina ladha yoyote zaidi ya utamu. Tatizo ni kuvichemsha vikiwa vimemenywa na kukatwakatwa: vinanyonya maji. Vioshe, uvitoboe kwa uma, uvioke na maganda yake kwenye oveni, nyuzi 200, dakika 45 hadi saa nzima kutegemea ukubwa. Ukiona utomvu umevuja na kuwa mweusi, unanata kwenye trei, vimeiva. Huna oveni? Vipike kwa mvuke, vimenye, kisha virudishe sufuriani kwenye moto mdogo ukigeuza mpaka maji yakauke.

Sasa ladha. Kiazi chenyewe ni kitamu, sukari ya nini tena? Kinachokosekana ni chumvi na uchachu. Kwa kilo moja, yeyusha siagi vijiko viwili vya chakula, tia kitunguu saumu na tangawizi iliyokunwa, kaanga mpaka inukie tu. Saumu ikiwa kahawia inaleta uchungu, na uchungu huo hauondoki. Mimina juu ya viazi vikiwa bado vya moto, weka chumvi nusu kijiko cha chai kwanza, onja, ongeza. Ponda kwa uma au mwiko. Blenda itakupa uji. Vikiwa vizito mno, legeza kwa tui zito la nazi, ambalo kwangu linashinda maziwa. Ndimu ikamulie mwishoni kabisa, nusu inatosha, na pilipili manga juu.