Mdomo ulipinda, kisha ukarudi

SWALI: Assalaam aleikum Bi Muuguzi, shikamoo. Mimi ni wa Matondoni, kisiwani Lamu. Juzi asubuhi mama, ana miaka 61, kikombe kilimponyoka mkono wa kulia na chai ikamchuruzika pembeni mwa mdomo. Mdomo umepinda, maneno hayashikani. Jirani akasema ni upepo mbaya; akapakwa mafuta ya habasoda, akasomewa. Haikutimia nusu saa akarudi mzima. Dawa za presha aliziacha baada ya Ramadhani kwa kuwa hajihisi vibaya. Tumpeleke hospitali na hali keshapona?

JIBU: Wa aleikum salaam, marahaba mwanangu. Nilikupigia simu siku ile ile barua yako iliponifikia, maana jibu la gazeti huchelewa na mamako hakuwa na nafasi ya kungoja. Haya nawaandikia wenye mama kama wako.

Alichopata mamako ni kiharusi cha kupita. Mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo uliziba, kisha ukafunguka. Ubongo wa kushoto ndio unaoendesha mkono wa kulia, na kwa watu wengi usemi nao uko upande huo. Ndiyo maana kikombe na maneno vilikwenda pamoja. Mdomo ulirudi kwa sababu damu ilirudi. Aliyepatwa na hiki yumo hatarini kupata kile kikubwa, hasa katika siku 2 za mwanzo. Dua si kosa, hata mimi naomba. Iombeni mkiwa ndani ya boti, mkimpeleka hospitali.

Marehemu babangu alikuwa fundi wa majahazi hapo hapo Matondoni. Alianguka kwa kiharusi Alhamisi adhuhuri, mkono mmoja ukalegea, nasi tukamweka ndani akisomewa hadi Jumamosi. Aliishi miaka 7 baada ya hapo, lakini mkono ule haukushika tena nyundo ya kukalafati, yaani kuziba nyufa za jahazi. Nilikuwa msichana, sikujua. Nimekuwa muuguzi kwa ajili ya mkono ule.

Kumpima mtu nyumbani ni rahisi: acheke, uone kama mdomo unakwenda upande mmoja, anyooshe mikono yote miwili mbele, uone kama mmoja unashuka, azungumze. Hapo kwenye kuzungumza watu wetu hukosea. Humwambia mgonjwa asome Fatiha, na akiisoma sawasawa wanasema mzima huyu. Kilichohifadhiwa tangu utotoni mara nyingi hubaki hata usemi ukiharibika. Muulize jana alipika nini, akueleze kwa maneno yake mwenyewe.

Likitokea tena, kumbukeni ni lini alionekana mzima mara ya mwisho. Kama hakuna saa, semeni ilikuwa kabla ya adhana ipi. Daktari atauliza hilo kwanza, kwa sababu dawa ya sindano inayoyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya skani ya kichwa. Sisi wa kisiwani muda huo unaliwa na maji: boti hadi Mokowe, ng'ambo bara, kisha huenda ikawa barabara ndefu ya kwenda Malindi au Mombasa. Kila nyumba yenye mgonjwa wa presha iwe na namba ya nahodha anayeamka usiku.

Asprini msimpe nyumbani. Viharusi vingi ni vya mshipa kuziba, lakini vingine ni vya mshipa kupasuka, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Asprini kwenye mshipa uliopasuka huzidisha damu kuvuja. Wala msimnyweshe maji ya zamzam wala uji, koo likipooza vinaingia mapafuni. Mlazeni ubavu. Mkimwinua, msimvute kwa mkono uliolegea, bega linateguka.

Tumbaku, kisukari na moyo unaodunda ovyo vyote huleta kiharusi, lakini kinachotumaliza huku ni presha. Haiumi. Ng'onda na achari zinaipandisha kwa chumvi yake, na mtu anajiona mzima siku zote. Uliniambia mamako alikutwa na presha ya 190 kwa 110, iliyo juu sana, naye siku hiyo alikuwa amekwenda kisimani mwenyewe kuteka maji.

Vidonge vyake viweke juu ya msala wa kuswalia, avione kila siku, si kwa bahati tu. Akimaliza swala ya alfajiri anavimeza hapo hapo, nawe uwepo. Ramadhani ikikaribia, mrudishe kwa daktari ampangie za daku na za futari.